Kuku mgeni na kamba yake mguuni: tusemayo tembe akiugua, na ukweli wake

Tembe huyo nilimnunua Jumamosi mnadani, kutoka kwenye tenga lililokuwa na kuku kama ishirini wakipumuliana usoni. Alikuwa kishingo, mwekundu wa kutu, umri wa miezi miwili na kitu, macho makali. Nikamfunga kamba mguuni kama tulivyowaona wazee wakifanya, nikamweka kivulini chini ya mwembe katikati ya ua. Wenyeji wakaja kumchungulia, wakamdonoa mawili matatu, nami nikaenda zangu. Alhamisi asubuhi nikamkuta amejikunyata, manyoya yamemtutumka, macho kafumba, na nyuma pamelowa. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshaandikiwa tiba saba na watu watano.

Mmoja alikuja na tawi la mwarobaini. Mwingine alisema pilipili kichaa. Mwingine alikuwa na kidonge cha rangi mbili kilichobaki alipougua mwanawe. Shangazi yangu, aliyefuga kuku tangu sijazaliwa, akatoa hukumu:

"Mwanangu, chinja huyo jioni hii hii, asije akafa kibudu ukakosa vyote."

"Shangazi, ngoja kwanza nimwangalie."

"Haya, mwangalie. Kisu kipo, nacho hakina haraka."

Sikumchinja. Ila kwa wiki nzima nilipata somo ambalo ningelipata mapema ningewaokoa wengine waliomtangulia. Hapa nimeweka yale niliyoambiwa, pamoja na niliyokuwa nayaamini mwenyewe, na kando yake niliyokuja kuyajua kwa bwana mifugo, kwa kusoma na kwa kukosea.

"Mgeni ndiye kaleta ugonjwa"

Hii ndiyo ya kwanza kutoka mdomoni, na nusu yake ni kweli. Mnadani hukutana kuku wa vijiji vingi, na kuna wafugaji ambao wakiona mmoja anasinzia bandani, kesho yake wanapeleka wote sokoni. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kukaa mwilini kati ya siku 2 na 15 kabla dalili hazijajitokeza. Kwa hiyo kuku mwenye macho makali Jumamosi anaweza kuwa tayari anao.

Nusu ya pili ndiyo watu hawaisemi: mara nyingi mgeni anaugua kwa ugonjwa alioukuta kwako.

Chukua kuhara damu, yaani koksidiosisi. Huletwa na vimelea viitwavyo Eimeria, ambavyo huzaliana ndani ya utumbo na kutoka na kinyesi. Vikitoka bado havijawa hatari. Vinahitaji unyevu, joto na hewa, na baada ya siku mbili hivi vinakuwa vimekomaa, tayari kumezwa na kuku mwingine. Vikikaa kwenye udongo wenye unyevu hudumu miezi, na dawa nyingi za kusafishia haziviui.

Sasa wenyeji wako, wale waliozaliwa uani kwako, wamekuwa wakividonoa kidogo kidogo tangu wakiwa vifaranga. Wamejijengea kinga. Lakini kinga hiyo haifuti vimelea vyote. Wanaendelea kuvitoa na kinyesi huku wakiwika, wakitaga na kunenepa. Ukiwatazama utaapa kwamba ua wako ni safi. Tena Eimeria za kuku zina aina kadhaa, saba zikijulikana zaidi, na kinga dhidi ya moja haimsaidii kuku kwa nyingine. Mgeni aliyekulia kwingine anaweza kuwa amezoea za kwao na hazijui za kwako. Anashuka katenguliwa na safari, kiu, njaa na kudonolewa, anaanza kuparua chini ya mwembe, na ndani ya siku nne hadi sita anajikunyata.

Hesabu siku zangu: Jumamosi mpaka Alhamisi. Kabla ya huyo nilikuwa nimepoteza tembe wawili, wote katika wiki ya kwanza, na mara zote mbili niliulaani mnada. Wenyeji hawakupata hata mafua. Jambo hilo peke yake lilitosha kunifungua macho. Mgeni angekuwa ndiye mleta maradhi, angalau mwenyeji mmoja angeyumba.

Hii si hoja ya kutafuta wa kulaumiwa. Ukiamini kwamba mgeni ndiye tatizo, utamwondoa mgeni na kuacha udongo, kisha utanunua mwingine umweke palepale.

"Nimemfunga kamba, basi nimemtenga"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunasema, na kamba hiyo ina kazi yake: asirukie ua wa jirani, ajue hapa ndipo kwao. Kumtenga ni jambo jingine kabisa. Kuku aliyefungwa katikati ya ua anakula udongo ule ule, anakunywa kwenye sufuria ile ile, na wenyeji wanamfikia wapendavyo wakati yeye hawezi hata kukimbia.

Kumtenga ni kumweka mahali ambapo wenyeji hawafiki, na ambapo maji ya mvua yakipita hayaelekei kwao. Awe na chombo chake cha maji na chake cha chakula. Watu wengi husema wiki mbili. Mimi siku hizi nakwenda siku 30, kwa sababu wiki mbili zinatosha kwa maradhi ya haraka tu. Kuku aliyeugua mafua ya kuku akapona anaweza kubaki na vijidudu vyake bila dalili yoyote, na wenye maikoplazma, bakteria wa njia ya hewa, hubaki nayo maisha yao yote. Uchovu wa safari ndio huviamsha vijidudu hivyo. Ukimtunza mwezi mzima utaanza kusikia kikoroma usiku au kuona povu kwenye kona ya jicho.

Mpangilio wa kazi nao una maana: lisha wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni. Ndala za kuingilia kwake zibaki mlangoni kwake. Nyumba yenyewe haihitaji fedha. Nilipindua kreti ya mbao, nikaipandisha juu ya matofali, nikatandika maranda na juu yake gazeti, nikalibadilisha kila asubuhi. Kumbuka zile siku mbili ambazo vimelea vinahitaji ili vikomae. Kinyesi kikiondoka kila siku, havipati nafasi ya kumrudia.

Na kuna wanaopitiliza upande wa pili: wanamfungia mgonjwa chooni, gizani, peke yake. Kuku ni wa kundi. Asipoona wala kusikia wenzake anakataa kula. Mweke mahali penye mwanga, awasikie wenzake kwa mbali.

"Anachemka, mpoze"

Watu humshika kuku mgonjwa chini ya bawa na kusema ana homa. Kweli anachemka, na aliye mzima naye anachemka. Joto la kawaida la kuku ni kati ya nyuzi 40.5 na 42 hivi, wakati letu ni 37. Mkono wa mtu hauwezi kupima homa ya kuku hata kidogo. Na bado nimeshuhudia mtu akimmwagia kuku maji ya mtungini kichwani ili homa ishuke.

Kuku aliyetutumua manyoya anakuambia anaona baridi. Anatega hewa katikati ya manyoya kama sisi tunavyojikunja ndani ya blanketi. Hali chakula, kwa hiyo hana kuni za kuwashia moto wa ndani. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa kama nyuzi tatu kila wiki mpaka aote manyoya. Tembe wa miezi miwili akiwa mzima hana haja ya joto la ziada. Akiugua, mrudishe utotoni: nyuzi 27 hadi 30 zinamtosha.

Nilitumia chupa ya plastiki iliyojaa maji ya moto, nikaifunga kipande cha kanga kuukuu, nikailaza upande mmoja wa kreti. Upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi ahamie kwingine. Usiku niliamka mara mbili kubadilisha maji. Nilipoona anahema mdomo wazi na mabawa ameyaachia mbali na mwili, nilijua nimezidisha. Saa kumi alfajiri nikamkuta ameegemea chupa, shingo yake tupu ameilaza juu ya kanga, amelala. Nakiri nilikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, inamuua kuku na anayemuuguza. Na ukitumia balbu, ifunge mara mbili. Ikidondokea maranda utajuta.

"Mfungue mdomo ummiminie"

Ningeulizwa ni kosa gani la uuguzi linaloua kuku wengi kuliko mengine, ningelitaja hili, na nadhani ndilo linalofichika kuliko yote, kwa sababu kuku akifa mkononi tunasema alikuwa amezidiwa.

Mfungue kuku mzima mdomo mchana kweupe utazame. Nyuma ya shina la ulimi kuna tundu dogo linalofunguka na kufunga. Hilo ni la hewa. Liko pale pale mbele, katikati ya njia. Ukimimina kijiko cha maji kwa kuku aliyelegea, yanaweza kupita humo hadi mapafuni. Uji wa moto ni mbaya zaidi.

Njia iliyonifaa: mchovye ncha ya mdomo tu kwenye maji, umwachie mwenyewe ainue kichwa. Akishindwa, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, weka tone moja ubavuni mwa mdomo, subiri amumunye na kumeza, kisha tone jingine. Ni kazi ya kuchosha. Tone moja, subiri. Tone moja, subiri. Kwa dakika kumi utakuwa umempa maji ya kijiko kimoja cha chai, na hayo si haba.

Kuku hunywa maji yenye uzito kama mara mbili ya chakula anachokula, na asiyekunywa hali. Ndiyo maana maji yanatangulia. Sukari kidogo siku ya kwanza haina ubaya. Chumvi ndiyo ya kuogopa, kwani kuku hawaivumilii kama sisi. Usionje kwa ulimi wako ukaona ni ndogo. Kama unataka chumvichumvi, nunua pakiti ya kuku dukani ufuate kipimo chake.

Chakula nacho hakishindiliwi. Usimsokomeze matonge ya ugali. Asubuhi, kabla hujampa chochote, papasa gole lake, kile kifuko cha chini ya shingo upande wa kulia. Kwa kuku mzima huwa tupu baada ya usiku kucha. Ukilikuta bado limejaa, gumu au linachuruzika kama mfuko wa maji, na mdomo unanuka uchachu, basi chakula hakishuki, na ukiongeza unamdhuru. Gole la tembe wangu lilikuwa tupu, nikashukuru, nikampa yai la kuchemsha nililolipondaponda na chakula cha vifaranga kilicholowekwa.

"Kinyesi cha kijani ni mdondo, hakuna zaidi"

Hapa tunahukumu haraka kuliko mahali pengine popote. Faida ya gazeti ni kwamba unaona. Sehemu nyeusi au ya kahawia ni haja kubwa. Kijikofia cheupe juu yake ni mkojo, maana kuku hutoa vyote kwa njia moja. Mara chache kwa siku hutoa kingine cha kahawia, laini, chenye kunata na harufu kali sana. Hicho kinatoka kwenye utumbo kipofu na ni cha kawaida kabisa. Wageni wa ufugaji hukiita kuhara na kukimbilia dawa.

Kijani kibichi ni nyongo. Kuku asiyekula siku nzima hutoa kijani kwa sababu hakuna chakula cha kuichanganya nyongo hiyo. Mdondo huleta kijani, ni kweli, lakini homa ya matumbo ya kuku huleta, na njaa tupu huleta. Mdondo una mambo mengine: wengi kuugua kwa mpigo, kuhema kwa shida, mabawa kulegea, shingo kupinda kwa wale wanaofika huko. Rangi peke yake si shahidi wa kutosha.

Cha tembe wangu kilikuwa maji ya kahawia yenye utelezi, asubuhi yakiwa na nyuzi mbili za damu, mchana damu yenyewe. Kilemba chake kidogo kilikuwa kimepauka. Nikalikunja gazeti, nikalitia mfukoni, nikaenda nalo kwa bwana mifugo. Usione haya kubeba kinyesi. Aliniambia ni mara chache mtu humletea ushahidi. Wengi humletea majina ya dawa.

"Pilipili na shubiri hutibu mdondo"

Mdondo ni ugonjwa wa virusi. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1926, kisiwani Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, na mpaka leo hauna dawa ya kuutibu. Hauna ya dukani, hauna ya porini.

Kuhusu pilipili kuna jambo la kufurahisha. Ule ukali unaotutoa machozi sisi, kuku hausikii. Mishipa ya fahamu ya ndege haiitikii ukali wa pilipili kama ya mamalia, na ndiyo maana ndege hula pilipili kichaa vichakani wakazisambaza mbegu zake. Kwa hiyo anayesema pilipili inamchoma kuku anamwonea huruma bure, na anayesema inachoma ugonjwa anajidanganya.

Shubiri ina shida nyingine: ni chungu. Maji yakiwa machungu kuku mgonjwa anayaacha, na kuku mgonjwa asiyekunywa huondoka kwa kiu kabla ya ugonjwa. Mbona basi kuna wanaoapa kwamba iliwaponya kuku wao? Kwa sababu si kila kuku anayesinzia ana mdondo. Wengine wana koksidia kidogo ambayo hupungua yenyewe, wengine wana minyoo, wengine safari imewachosha. Wanapona, na sifa inaenda kwa jani lililokuwa kwenye maji siku hiyo.

Kinachofanya kazi ni chanjo kabla. Hapa Tanzania chanjo ya mdondo inayostahimili joto hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na hutolewa kwa tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Tone ni lile lile kwa kifaranga na kwa jogoo. Kustahimili joto hakumaanishi kuiacha juani juu ya boda boda. Ibebe penye ubaridi. Na hapa pia pana dhana potofu: kwamba ukichanja aliyekwisha kuugua atapona. Hatapona. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka, na chanjo hupewa kuku mzima. Tembe wangu alichanjwa baada ya kupona, akiwa bado kwenye kreti yake.

"Ule unga wa njano unatibu yote"

Kila duka la dawa za mifugo lina unga wa njano, na kila jirani ana kijiko chake. Ni antibayotiki. Inaua bakteria wa aina fulani. Virusi vya mdondo haivigusi, na koksidia ina dawa zake. Kumpa siku moja, ukaona kachangamka ukaacha, ni kuwafundisha bakteria kuizoea. Halafu tunakula mayai. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, zimeandikwa kwenye pakiti kwa herufi ndogo ambazo nimeanza kuzisoma kwa miwani.

Kidonge cha binadamu ni hatari zaidi kwa sababu ya hesabu tu. Mtu mzima ana kilo 60. Tembe wangu alikuwa na gramu 600. Tofauti ni mara 100. Unagawanyaje kidonge mara 100 kwa kisu cha jikoni?

Bwana mifugo alinipa amproliamu, dawa ya koksidia, ya kuchanganya kwenye maji kwa kipimo cha pakiti, na maji mengine yote yaondolewe ili anywe hayo tu. Nikarudi nyumbani nikaichanganya vizuri, kisha kwa moyo mkunjufu nikaongeza na vitamini. Vitamini haina madhara, si ndivyo tunavyosema? Kumbe amproliamu hufanya kazi kwa kufanana na vitamini B1. Kimelea kinaimeza kikidhani ni vitamini, kinakosa lishe. Ukimwaga B1 nyingi kwenye maji hayo hayo unakilisha kimelea na kuivunja dawa nguvu. Nilimwaga mchanganyiko wa siku nzima. Vitamini zilingoja mpaka dozi ilipokwisha, na wakati huo zina msaada mkubwa.

Siku ya pili ya dawa damu ilipungua. Ya nne gazeti lilikuwa safi. Nilikuwa nikimpima kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni niliyoifunika mfuko: 600, 585, 580, 580, kisha 595. Mizani haina huruma wala matumaini, ndiyo maana inafaa. Macho yangu yalikuwa yamenidanganya tangu siku ya pili kwamba ananenepa.

Mengine kwa mkato

"Mguu umevunjika." Ukimwona tembe amekaa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, fikiria mahepe kabla ya kufikiria kukanyagwa. Ni virusi, hakuna tiba, na chanjo yake hutolewa siku ya kwanza ya maisha. Kumfunga vijiti mguuni ni kumtesa.

"Sijaona wadudu, basi hana." Utitiri mwekundu mchana hujificha kwenye nyufa za banda, unamnyonya usiku. Nenda na tochi saa nne usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya kibao cha kulalia, utazame. Viroboto wale wanaoganda kuzunguka macho na kilemba wenyewe huonekana, na kwa kuku mdogo wanatosha kumwishia damu. Wapake mafuta mazito ya kujipaka, wakose hewa, bila kugusa jicho. Kuwang'oa kwa kucha kunaacha vidonda.

"Ndui ibanduliwe, ipakwe mafuta ya taa." Iache. Ni virusi vinavyoenezwa na mbu, na vigaga hukauka vyenyewe kwa wiki mbili hadi nne. Ukivibandua unatawanya ugonjwa. Pambana na mbu, na uhakikishe macho hayajazibika akashindwa kuona chakula.

"Asije akafa kibudu"

Nirudi kwa shangazi. Namwelewa. Kwa Mwislamu kibudu ni haramu, na hata kwa asiye Mwislamu kuku aliyekufa ni fedha iliyopotea. Kisu kinaonekana kama akili. Tatizo ni yanayofuata. Damu inamwagwa shinani mwa mgomba, manyoya yanapeperuka, utumbo anapewa mbwa, maji ya kunyonyolea yanamwagwa uani ambako wenyeji wanakuja kuparua. Kama alikuwa na mdondo, hapo umewagawia wote, na jirani pia. Kama alikuwa amepewa dawa jana, unaila wewe.

Na kuna maradhi ya kuku yasiyoishia kwa kuku. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege kwa ndege wa porini ufukweni mwa Ziwa Victoria na kwa kuku wa kufugwa. Virusi vya jamii hiyo vina aina zinazowapata watu, na anayechinja na kunyonyoa ndiye aliye karibu zaidi. Kuku kadhaa wakifa ghafla ndani ya siku mbili tatu, usichinje, usiuze, mwite mtaalamu wa mifugo.

Kumchinja mgonjwa asiyeponyeka ili apumzike ni jambo jingine, na wakati mwingine ndiyo huruma. Akishapumzika mfukie shimo refu lisilofukuliwa na mbwa, mbali na kisima. Shangazi alisikiliza yote haya akiwa anachambua mchele, akaniambia: "Sawa, lakini wa kwangu msije kuwafukia." Sijamshinda bado.

"Amepona, mrudishe usiku, hawatamjua"

Kuna waaminio kwamba ukimpenyeza mgeni bandani usiku, wenyeji wakiamka watadhani alikuwapo siku zote. Kuku wanajuana kwa sura. Katika miaka ya 1920 mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika jinsi kila kuku kundini anavyojua nani anamdonoa na nani asimguse. Usiku unapunguza fujo kwa sababu kuku gizani hawapigani, lakini alfajiri daftari linafunguliwa.

Tembe aliyetoka kuugua hana uzito wa kugombea. Kwanza nilisogeza kreti yake hadi ukingoni mwa ua, wavu katikati, siku saba, waonane bila kufikiana. Nilikuwa pia nimekwangua udongo wa juu chini ya mwembe, nikapunguza matawi jua lipige, na kuhamisha sufuria ya maji iliyokuwa ikipalowesha pale miaka yote. Koksidia haikuisha, na haitaisha, lakini sasa atadonoa kidogo kidogo kama walivyofanya wenyeji, badala ya kumezeshwa karamu nzima siku ya kwanza.

Siku ya kumfungulia niliweka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, ili mbabe mmoja asiweze kulinda vyote. Nilisubiri jioni, saa kumi na moja, watu wameshiba. Mtetea mkubwa alimfuata akamdonoa kisogoni, naye akainama akapisha. Hilo ni sawa, ndiyo adabu yao. Kinachohitaji kuingilia ni damu, au kundi zima kumwandama mmoja mpaka asiweze kula; hapo unamtoa siku mbili tatu na kujaribu tena, na ikiwa kuna mbabe mmoja tu, afadhali umfungie yeye kwa siku hizo, akirudi atajikuta naye ni mgeni kidogo.

Usiku ule alilala chini, pembeni ya mlango. Siku ya tatu alipanda kibaoni, mwisho kabisa, karibu na ukuta. Kwenye mizani alikuwa na gramu 790.